Silaha za Kale Nyumbani: Jinsi ya Kuziazimisha Makumbusho Bila Kuzipoteza

Katika nyumba nyingi za Kaunti ya Kilifi, kuanzia miji ya kale kama Malindi, Mambrui na Takaungu hadi vijiji vya Ganze, Kaloleni na Rabai, kuna silaha ambazo hazijatumika kwa miaka mingi. Huenda ni jambia lililofungwa kwa kitambaa na kuwekwa kabatini, upanga wenye ala ya ngozi, upinde na podo la mishale darini, au bunduki ya gumegume ambayo hakuna anayekumbuka ililia lini mara ya mwisho. Watoto hukatazwa kuzigusa. Wajukuu hawajui zilikuwa za nani.

Silaha kama hizi hupotea kwa njia tatu. Kutu na bungua huzila polepole. Wachuuzi wa vitu vya kale huzinunua kwa bei ya kutupa na kuzipeleka mbali. Na hata zinapobaki nyumbani, mzee aliyejua habari zake hufariki, ikabaki chuma tu isiyo na maelezo.

Iko njia ya kuziokoa, nayo ni kuziazimisha makumbusho kwa maonyesho. Wengi husita kwa sababu mbili: hofu kwamba kitu kikishaingia mikononi mwa serikali hakirudi, na hofu ya kuulizwa maswali na polisi. Hofu hizo hazikutoka hewani, lakini zote mbili zina jibu. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, hatari zipi ziepukwe, na mwenye mali ahakikishe nini kabla ya kutia sahihi.

Silaha moja, historia ndefu

Pwani ya Kenya ni mahali ambapo silaha za pande nyingi zilikutana. Majambia yaliyopinda na panga za Oman zilikuja na wafanyabiashara, mabaharia na askari kutoka Ghuba. Bunduki za gumegume, ambazo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche za kuwasha baruti, ziliingia kwa wingi katika biashara ya karne ya 19. Upande wa bara, wahunzi walifua vyembe vya mishale na mikuki, na Waata, wawindaji mashuhuri wa ndovu, walitengeneza pinde zenye nguvu nyingi.

Eneo hili pia lilishuhudia vita. Mwaka 1895, mwaka uleule Uingereza ilipotangaza utawala wake Afrika Mashariki, mzozo wa kurithi uongozi Takaungu uligeuka kuwa vita kati ya Wamazrui na Waingereza, navyo vikaendelea hadi 1896. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka uliofuata upinzani huo ukawa mapigano, mishale ikikabiliana na bunduki.

Mshale ulio darini katika nyumba fulani huenda haukuhusika kabisa na vita hivyo. Huenda ulikuwa wa kuwindia paa. Lakini bila maelezo, hakuna awezaye kusema. Wataalamu wa makumbusho wanaweza kupima urefu wa upanga, kuchunguza chuma chake na kusoma mhuri wa aliyeufua. Hawawezi kujua kwamba mabwana harusi wa ukoo huo waliuvaa kwa vizazi vitatu. Hilo linajulikana na familia pekee, na ndilo linalofanya upanga mmoja uwe tofauti na mwingine uliotoka kwa mhunzi yuleyule.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda haki ya kumiliki mali. Silaha iliyorithiwa kihalali ni mali ya warithi, na kuionyesha kwa umma hakubadilishi umiliki huo. Jedwali la Nne la Katiba limeweka makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Makumbusho yanayojulikana zaidi katika kaunti hii, yakiwemo ya Malindi, Gede na Rabai, yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kifaa chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kifaa cha aina hiyo hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Mkazi anayemuuzia mgeni jambia la babu yake bila kujali litakakokwenda anaweza kujikuta katika kesi.

Sheria hiyo pia inatofautisha kilichorithiwa na kilichookotwa. Vitu vya kale vilivyolala ardhini ni mali ya Serikali. Anayefukua kichwa cha mkuki wa kale akilima au akichimba msingi wa nyumba anapaswa kuwaarifu Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku saba. Hicho hakiwezi kuazimishwa kama mali ya familia.

Bunduki zina sheria yake, Sura ya 114, inayotaka mwenye bunduki awe na cheti. Mtu asijiamulie kwamba bunduki ni kuukuu na kwa hivyo haihusiki. Njia salama ni kwenda kituo cha polisi bila kuibeba, kueleza ilivyo na ilivyopatikana, na kupata maelekezo ya maandishi kabla ya kuihamisha hata kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mkazi anaweza kuomba afisa wa makumbusho au mzee wa mtaa amsindikize.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni mpini. Majambia kadhaa ya zamani yana mipini ya pembe ya kifaru au ya ndovu, na baadhi ya ngao na mapodo yamefunikwa kwa ngozi za wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki nyara za aina hiyo bila kibali. Mwenye kifaa kama hicho aulize kwanza ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na vilevile asikibebe anapokwenda kuuliza.

Hatari zilizojificha

Silaha ya zamani inaweza kudhuru hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, bunduki zinazoshindiliwa baruti kupitia mdomoni mara nyingi huachwa zikiwa zimejazwa. Baruti hiyo yaweza kuwaka hata baada ya miongo mingi. Isijaribiwe, isichokonolewe kwa chuma, isiwekwe karibu na moto, na mtu yeyote asisimame mbele ya mdomo wake.

Pili, sumu ya mishale inayotokana na mti wa msunguti hushambulia moyo, na hubaki na nguvu kwa miaka mingi sana. Utando mweusi ulioganda chini ya chembe usikwanguliwe, usioshwe, wala usionjwe. Mshale ufungwe sehemu ya chembe kwa karatasi nzito au kitambaa kinene, uandikwe "sumu", na uwekwe mbali na watoto. Anayechomwa apelekwe hospitalini mara moja.

Tatu, kombora, bomu au risasi kubwa isiguswe kabisa. Polisi waarifiwe, na watu wakae mbali.

Nne, usafi usio wa kitaalamu huharibu. Kusugua upanga kwa msasa, jivu au limau huufanya ung'ae, lakini huondoa maandishi na alama ambazo wataalamu wangezisoma. Mafuta ya nazi au ya kupikia huganda na kuvuta vumbi na wadudu. Jasho la mikono lina chumvi, na hewa ya pwani ina chumvi yake pia. Inatosha kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu laini na kushika chuma kwa glavu au kitambaa safi. Ala ya ngozi huvuta unyevu, kwa hivyo ni afadhali upanga uhifadhiwe kando ya ala yake, si ndani. Ukiwa umekwama kwa kutu, usivutwe kwa nguvu.

Kabla ya kwenda makumbusho

Hatua ya kwanza ni familia kukubaliana. Silaha ya marehemu yaweza kuwa na warithi wengi, na mmoja akiitoa peke yake, ugomvi huanza siku ambayo ndugu zake wataiona kwenye kioo cha maonyesho. Ni vyema kikao kiandikwe, na wote wakubali nani atatia sahihi na nani atapokea kifaa kitakaporudi. Ikiwa kifaa ni cha kaya, hakuna mtu binafsi mwenye uwezo wa kukitoa. Uamuzi ni wa wazee wa kaya, na kama wanasema kitu hicho hakipaswi kuonekana na umma, jibu hilo liheshimiwe.

Hatua ya pili ni kuandika habari zake mzee angali hai. Kilikuwa cha nani? Kilipatikana vipi, kwa kununuliwa, kurithiwa au kutunukiwa? Kilitumika wapi? Kina jina? Simu yenye kinasa sauti inatosha. Jina la msimulizi na tarehe vitajwe mwanzoni mwa mazungumzo.

Hatua ya tatu ni picha. Kifaa kipigwe picha pande zote, pamoja na rula ya kuonyesha urefu, na kila alama, ufa au pengo lipigwe kwa karibu. Kisha kipigwe picha kikiwa na mwenyewe.

Umuhimu wa picha unajulikana vizuri katika jamii za Mijikenda. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa katika mkusanyiko wa makumbusho huko Illinois, Marekani, na kingine kikaonekana Virginia. Ushahidi ulikuwa ile picha. Cha Illinois kilirejeshwa kwa familia mwaka 2007. Kigango si silaha, lakini njia ya wizi ni ileile, na njia ya kurudi nyumbani ni ileile pia. Vigango vingi vilivyoibwa bila kupigwa picha havina wa kuvidai.

Mkataba uwe na nini

Kuazimisha si kutoa zawadi wala si kuuza. Tofauti hiyo haionekani kwenye mazungumzo, hata yawe mazuri namna gani. Inaonekana kwenye karatasi. Mwenye mali asikabidhi kifaa bila mkataba wenye sahihi za pande zote mbili, na nakala yake ibaki nyumbani. Mkataba huo utaje:

1. Jina la mwenye mali, na kauli ya wazi kwamba umiliki haubadiliki.
2. Maelezo kamili ya kifaa, vipimo vyake na picha.
3. Ripoti ya hali yake siku ya kukabidhiwa: kutu iko wapi, ufa uko wapi. Ripoti kama hiyo ifanywe tena siku ya kurudishwa, na zote mbili zilinganishwe.
4. Tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Maneno kama "kwa muda" au "hadi itakapoamuliwa" yasikubaliwe.
5. Mahali kitakapoonyeshwa, na kwamba hakitahamishiwa jumba jingine bila idhini ya maandishi.
6. Thamani iliyokubaliwa na bima, inayoanza kifaa kinapotoka mlangoni kwa mwenye mali hadi kinaporudi mlangoni humo.
7. Nani anagharimia usafiri na vibali.
8. Kwamba hakitasafishwa wala kukarabatiwa bila mwenyewe kukubali.
9. Kama picha zake zaweza kuchapishwa, na jina litakaloandikwa kando yake. Familia inayohofia wezi inaweza kuomba jina lake lisitajwe.
10. Nani atakipokea iwapo mwenye mali atafariki kabla ya muda kwisha.

Kipengele cha kumi ndicho husahaulika zaidi, na ndicho huleta kesi nyingi za vitu vilivyokaa stoo miaka mingi bila kujulikana ni vya nani. Mwenye mali naye ana wajibu: aarifu makumbusho anapohama au kubadilisha nambari ya simu.

Makumbusho pia yana haki ya kuuliza na kukataa. Afisa atakayetaka kujua silaha ilipatikana vipi hamshuku mtu. Anahakikisha jumba halionyeshi kitu kilichoibwa kwa jirani. Na si kila kifaa kitafaa kwa kila maonyesho. Kikikataliwa, mwenyewe bado atarudi nyumbani na picha, maelezo na ushauri wa kukitunza.

Mwenye silaha ya kale na asiyejua aanzie wapi anaweza kufika katika makumbusho yaliyo karibu naye, au katika ofisi ya kaunti inayosimamia utamaduni, akiwa na picha pekee. Hakuna haja ya kubeba chochote siku ya kwanza. Na ikiwa mzee mwenye habari za silaha hiyo yuko nyumbani leo, kazi ya kwanza ni kuketi naye na kumuuliza. Makumbusho yatakuwepo hata mwezi ujao.