Mianga Miwili Juu ya Kimeng'enya cha Malale

Dawa ya malale hutakiwa kukiua kimelea pasipo kumdhuru aliyeumwa na mbung'o. Melarsoprol, dawa yenye arseniki iliyotumika kwa miongo mingi vimelea vilipofika kwenye ubongo, yenyewe iliua takriban asilimia 5 ya waliotibiwa. Watafiti waliotafuta shabaha salama zaidi waliielekea kathepsini B, kimeng'enya ambacho Trypanosoma brucei hukitumia kuvunjavunja protini za mwenyeji wake. Tatizo ni kwamba binadamu naye anayo kathepsini B. Ili dawa iguse moja na kuiacha nyingine, tofauti za maumbo yake hazina budi kuonekana hadi kiwango cha atomu.

Umbo la protini husomwa kwa kupitisha eksirei katika fuwele zake. Fuwele za kimeng'enya hiki, zilizokuzwa ndani ya seli za wadudu, ni ndogo mno, na eksirei huharibu kile inachokimulika. Leza ya elektroni huru hutoa mweko wa femtosekunde chache. Femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde. Fuwele husambaratika, lakini picha imekwisha kupatikana, na fuwele nyingine inafuata. Sinkrotroni huzizungusha elektroni katika njia ya duara kwa saa nyingi. Mwanga wake si mkali kama wa leza, ila ni thabiti, na fuwele hugandishwa kwa baridi kali ili zistahimili kwa muda.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya leza ya Stanford, Marekani: umbo la kimeng'enya kwa uoni wa nanomita 0.21, pamoja na kipande cha protini kinachoziba mdomo wake mpaka wakati wa kazi ufike. Mwaka uliofuata, fuwele 80 za protini hiyohiyo zilipimwa kwenye sinkrotroni ya PETRA III, Hamburg. Uoni ulikuwa hafifu kiasi, nanomita 0.30, lakini umbo liliafikiana na lile la kwanza. Uafikiano huo ndio wenye thamani kubwa. Mtaalamu wa maabara anaijua hoja yenyewe: slaidi ya damu yenye utata husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Leza za aina hii ni chache duniani na foleni yake ni ndefu. Sinkrotroni ni nyingi zaidi. Huko Harima, Japani, leza ya SACLA na sinkrotroni ya SPring-8 zimejengwa kiwanja kimoja, na mtambo wa leza hulisha duara la jirani yake elektroni.

Mgonjwa asidhani kwamba vidonge vya sasa vimetokana na picha hizo. Fexinidazole, ambayo mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza pia kwa malale ya Afrika Mashariki, ilipatikana kwa njia nyingine. Humezwa kwa siku 10, kila mara pamoja na chakula.