Akili Timamu na Wosia: Mafunzo Niliyopata Katika Ofisi ya Wakili

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mjini Voi, na wosia nyingi hupitia mikononi mwangu. Ugomvi mkubwa huzuka juu ya jambo moja: je, marehemu alikuwa na akili timamu?

1. Kila mtu ni timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Ndivyo inavyosema Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 5. Anayedai marehemu alirukwa na akili ndiye wa kuleta ushahidi. Minong'ono ya matangani haitoshi. (Mirathi ya Waislamu hufuata sheria ya Kiislamu.)

2. Uzee si wazimu. Mzee mmoja aliletwa na wanawe, kila swali wakimjibia wao. Wakili akawaomba watoke. "Mzee, una mali gani?" Akahesabu kwa vidole: shamba, ng'ombe, ploti ya mjini. Akataja watoto wote kwa majina, hata wa nyumba ndogo. Mbona ploti anapewa binti? "Ndiye anayeninunulia dawa, mwanangu." Kisha akaweka dole gumba.

3. Maswali hayo yana asili yake. Yanatokana na kesi ya Uingereza ya mwaka 1870, Banks dhidi ya Goodfellow. John Banks aliamini kwamba anaandamwa na pepo na mtu aliyekwisha kufa. Hata hivyo wosia wake ulikubaliwa: alijua anachofanya, alijua mali yake na watu wanaostahili kufikiriwa, na imani ile haikuathiri mgawo wake.

4. Kinachopimwa ni saa ya kutia sahihi. Mgonjwa wa akili aliyepata nafuu anaweza kuandika wosia halali. Mzima aliyelewa chakari asijue afanyalo hawezi. Kifungu kilekile kinautaja ulevi waziwazi.

5. Mashahidi ni nguzo. Wosia wa maandishi huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, na mrithi asiwe mmojawapo. Mwandishi akiwa mgonjwa, daktari amwone siku hiyohiyo na aandike alichokiona.

Msingoje mzazi azidiwe ndipo mkimbilie kwa wakili. Aandike angali na nguvu, kwa hiari yake, nanyi mkiwa nje ya mlango.