Usioshe Katapila Kabla ya Kukaza Cheni

Nilipokuwa fildi Moshi nilikabidhiwa katapila la zamani lenye cheni zilizolegea. Nikaliosha likang'aa, nikasukuma grisi kwenye silinda ya kukazia mpaka cheni zikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nikajiona fundi kweli. Kesho yake, kwenye barabara ya kijiji huko mlimani, masika imepamba moto, mashine ikaanza kulia. Mzee tuliyekuwa naye akazima injini, akaniuliza, "Kijana, ulipima bila tope?"

Udongo wa Kilimanjaro ni wa volkano. Ukilowa, hujishindilia kati ya bushi za cheni na meno ya gurudumu la nyuma. Ni kama gurudumu limenenepa: cheni inajikaza yenyewe, bushi na meno vinasagana.

Kwa hiyo pima pale pale kazini, tope likiwemo. Sogeza mashine mbele kidogo, iache isimame yenyewe bila breki. Laza ubao ulionyooka toka gurudumu la mbele hadi rola ya juu, upime cheni ilivyobonyea. Kitabu cha mashine yetu kilitaka milimita 40 hadi 55. Mimi nilikuta karibu sifuri. Ukilegeza, fungua valvu ya grisi polepole, uso ukiwa pembeni. Presha yake inatoboa ngozi.

Bushi zilishaliwa upande mmoja. Tulizing'oa na pini zake, tukazigeuza nyuzi 180 zipate upande mzima. Barabara ikachelewa wiki mbili, kina mama wakishusha ndizi sokoni kwa vichwa. Kupima kungetuchukua dakika kumi.