Somo la Jikoni: Kwa Nini Achari Imeharibika?

Ndugu mkulima, wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Lakini embe huoza, tena huoza upesi. Msimu unapofika, miti yote ya jirani huiva kwa siku zile zile, sokoni bei huanguka, na mnunuzi aliyeahidi kuja na lori haonekani. Katika mashamba ya milimani mambo ni yayo hayo kwa karoti, koliflawa na maharagwe machanga. Basi yafaa kila nyumba katika skimu ijue kutengeneza achari, ili mazao yasiyouzika leo yaliwe au yauzwe mwezi ujao.

Watu wengi wamekwisha kujaribu. Wengi pia wamekwisha kushindwa, na wakishindwa husema, "Mimi sina mkono wa achari." Maneno hayo si kweli. Achari ikiharibika iko sababu, na sababu hiyo yaweza kujulikana. Katika somo hili tutatazama ajali za jikoni moja moja.

Hasara yangu mwenyewe

Nianze kwa kujisema mwenyewe. Mwaka wetu wa kwanza shambani tulikuwa na miti sita ya maembe iliyozaa sana. Nilitengeneza chupa 20 za achari, nikakusudia kuziuza ili tupate karo ya mtoto wa pili. Siki ilikuwa ghali, kwa hiyo kila kikombe kimoja cha siki nilikiongeza vikombe viwili vya maji. Nilionja, nikaona ni kali ya kutosha, nikafunga chupa na kuziweka kabatini.

Baada ya wiki tatu, usiku, tulisikia mlio kama wa bunduki. Mama mkwe alidhani tumevamiwa na wezi. Tulipoleta taa tuliona chupa moja imepasuka, mchuzi umetapakaa ukutani, na vifuniko vya chupa nyingine vimevimba. Asubuhi nilichimba shimo refu, nikazifukia zote 20. Karo ilikopwa kwa jirani. Tangu siku ile sijapunguza siki tena, nami sitaki wewe upate somo hili kwa bei niliyolipa mimi.

Achari hukaa kwa nguvu gani?

Vijidudu viozeshavyo chakula hupenda mahali penye maji mengi na pasipo ukali. Achari huvizuia kwa njia tatu. Chumvi huvuta maji kutoka katika tunda. Jua hukausha maji yaliyosalia. Siki huleta asidi, na katika asidi ya kutosha vijidudu vingi haviwezi kuzaana. Pilipili, uwatu na haradali huleta ladha na harufu nzuri, lakini usizitegemee kuwa walinzi. Achari yenye kuwasha sana yaweza kuoza kama nyingine.

Tazama karatasi ya chupa ya siki kabla hujainunua. Yafaa iwe na asidi ya asilimia 5. Siki isiyoandikwa nguvu yake, au ile inayopimwa dukani kutoka katika mtungi, usiitumie kwa achari ya kuweka.

Namna ya kutengeneza achari ya embe

Chukua maembe mabichi, magumu, kilo 2. Chumvi vijiko 8 vya mezani. Siki vikombe 3. Kitunguu saumu vichwa 2. Pilipili kali zilizokauka na kusagwa, kadiri upendavyo. Haradali vijiko 2 vya mezani. Uwatu na manjano, kijiko kidogo kimoja kimoja. Ukipenda utamu, ongeza sukari kikombe kimoja.

Siku ya kwanza: Osha maembe, yafute, ondoa kokwa, ukate vipande vyembamba. Changanya na chumvi, funika, acha mpaka kesho.

Siku ya pili: Mwaga maji yaliyotoka. Tandaza vipande juu ya ungo safi, funika kwa kitambaa chepesi ili nzi wasitue, uanike juani kutwa. Jioni ingiza ndani kabla umande haujaanguka.

Siku ya tatu: Chemsha siki pamoja na viungo kwa muda wa dakika 5. Tia maembe, yachemke kidogo. Jaza katika chupa safi zilizo moto, ukiacha nafasi ya upana wa kidole juu. Hakikisha siki imefunika vipande vyote. Futa mdomo wa chupa, funga kifuniko.

Kisha chemsha chupa zenyewe. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa, tia maji ya moto mpaka yapite juu ya vifuniko. Anza kuhesabu dakika maji yanapochemka barabara. Hapa lazima ujue shamba lako liko juu kiasi gani, kwa kuwa kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka yakiwa na joto dogo zaidi. Pwani huchemka kwa joto la nyuzi 100. Kinangop, penye kimo cha mita 2,400 hivi, huchemka kwa nyuzi 92 tu. Kwa hiyo, kwa chupa za nusu lita:

Pwani, kama Magarini na Mpeketoni: dakika 10.
Mahali pa kimo cha kati, kama Mwea: dakika 15.
Mahali palipopita mita 1,800, kama Kinangop na Ol Kalou: dakika 20.

Achari hii yafaa ikae wiki mbili kabla ya kuliwa, ili viungo viingie.

Ajali na sababu zake

1. Chupa imepasuka ilipotiwa achari. Chupa ilikuwa baridi na siki ilikuwa moto, au chupa iliwekwa juu ya sementi yenye maji. Pasha chupa katika maji ya moto kwanza, kisha uiweke juu ya ubao au kitambaa kilichokunjwa.

2. Achari ina ladha ya chuma na sufuria imetoboka vijitundu. Umepikia katika sufuria ya alumini, au umeiacha humo usiku kucha. Siki hula alumini. Shaba nayo ni mbaya zaidi, maana ikikutana na siki hutoa sumu ya rangi ya kijani. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka. Huna? Azima kwa jirani kwa siku moja, umrudishie na chupa ya achari.

3. Vipande vimelainika kama uji. Embe lilikuwa limeanza kuiva, au lilichemshwa mno, au chumvi ilikuwa chache. Ikiwa ni matango, kata na kutupa kipande chembamba cha upande uliokuwa na ua, kwa kuwa hapo pana kitu kinacholainisha tango zima.

4. Vipande vimesinyaa na kuwa vigumu kama ngozi. Jua lilizidi, au ulitia chumvi na sukari nyingi mno kwa mara moja. Achari hiyo si mbaya. Pika na mchuzi wa samaki au wa maharagwe, nayo itafaa.

5. Maji ya achari yana ukungu kama maji ya mchele. Mara nyingi sababu ni chumvi ya duka, ambayo katika Kenya hutiwa iodini kwa ajili ya afya. Ukungu huo hauna madhara. Lakini ikiwa pamoja na ukungu kuna povu, harufu mbaya au utelezi, tupa.

6. Kitunguu saumu kimegeuka rangi ya buluu au kijani. Akina mama wengi hushtuka na kumwaga achari nzuri. Usimwage. Ni kitunguu kilichokutana na asidi tu, na chaliwa bila hofu.

7. Utando wa uyoga juu ya achari. Vipande vilijitokeza juu ya siki, au kijiko chenye maji kiliingizwa ndani. Watu huondoa utando na kula kilichobaki. Haifai. Uyoga huo hula asidi, na asidi ikipungua vijidudu vibaya hupata nafasi. Tupa chupa hiyo, na tangu sasa tumia kijiko kikavu.

8. Kifuniko kimeshika kutu. Kifuniko kilikuwa cha zamani, au kimekwaruzwa ndani. Chupa ya zamani yafaa ikiwa haina ufa, lakini kifuniko tafuta kipya.

9. Mikono na macho yawaka moto. Umekata pilipili ukajisahau. Usikimbilie maji peke yake, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji. Paka mikono mafuta ya kupikia, ipanguse, ndipo uoshe kwa sabuni. Jicho lisiguswe na mafuta. Lioshe kwa maji safi mengi. Mara nyingine vaa mfuko wa plastiki mikononi, na mtoto mchanga apokewe na mtu mwingine mpaka umalize.

Ajali ambayo haina msamaha

Makosa mengi tuliyoyataja hukupotezea chakula na fedha tu. Liko moja ambalo laweza kukupotezea watu wa nyumbani. Kuna kijidudu kikaacho katika udongo wa mashamba yetu, ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Kikifungiwa mahali pasipo hewa, pasipo asidi ya kutosha, huamka na kutoa sumu kali. Ugonjwa huo huitwa botulizimu. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope humwangukia, maneno humtatiza, kumeza kwawa shida, mwisho pumzi hukatika.

Usidhani ni ugonjwa wa nchi za mbali. Mwaka 1980 madaktari waliandika habari za watu wa Kenya waliokufa kwa kula kumbikumbi waliofungwa katika mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba kufunga chakula kisipate hewa si ulinzi wenyewe. Ulinzi ni asidi.

Kwa sababu hiyo shika sheria hizi nne:

Usipunguze siki kwa maji ili kuokoa fedha. Ikiwa ni mboga zisizo na uchachu wa asili, kama karoti, maharagwe machanga na koliflawa, maji yasizidi siki kwa vyovyote.

Usiweke kitunguu saumu kibichi katika mafuta matupu na kukifungia chupani kwa siku nyingi. Mafuta hayana asidi.

Kifuniko kikivimba, au chupa ikifoka inapofunguliwa, usionje hata kidogo. Sumu hii si lazima ionekane wala inuke; yaweza kuwamo na usiitambue. Fukia chupa mbali na kuku na mbwa, unawe mikono. Aliyekwisha kula na kuona dalili nilizozitaja apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe alichokula.

Usitumie mtungi au debe lililowahi kuwa na dawa ya mimea au ya kuogeshea ng'ombe, hata ukiliosha mara kumi.

Ukitaka kuuza

Kumpa jirani chupa moja ni ujirani. Kuuza dukani ni biashara. Kabla hujauza, mwone Afisa wa Afya wa mahali pako, na uulize ofisi ya KEBS jinsi ya kupata alama ya ubora. Shauri hili ni rahisi zaidi kwa kikundi kuliko kwa mtu mmoja, kwa maana kikundi chaweza kununua siki kwa jumla na kuchangia sufuria moja nzuri. Juu ya kila chupa andika tarehe na vitu vilivyomo. Ukiandika tarehe, chupa moja ikiharibika utajua wenzake ni zipi.

Maswali ya kusomea katika kikundi

1. Jirani yako ametia pilipili nyingi ili aokoe siki. Utamwambia nini?
2. Shamba lako liko kimo gani, nawe utachemsha chupa zako dakika ngapi?
3. Ni achari ipi kati ya hizi utaitupa, na ipi utaila: yenye kitunguu saumu cha buluu, yenye uyoga juu, yenye kifuniko kilichovimba, yenye vipande vilivyosinyaa?

Kazi ya mwezi huu

Anza na chupa mbili tu, si ishirini kama nilivyofanya mimi. Andika katika daftari ulichotia, kipimo chake, na dakika ulizochemsha. Zitazame kila wiki kwa muda wa miezi miwili. Zikikaa vizuri, utakuwa na haki ya kutengeneza nyingi msimu ujao, na mnunuzi mwenye lori asipokuja, hutakesha ukihesabu maembe yanayoanguka.