Kuongoza Bendi ya Roki: Mafunzo Niliyopata

Napiga gitaa la solo tangu ujana, na kwa miaka mingi sasa naongoza bendi yangu mwenyewe hapa Dar es Salaam. Tunapiga roki, na pale ukumbi unapotaka kucheza tunaingiza dansi. Vijana wanaotutembelea mazoezini huuliza zaidi kuhusu kasi ya vidole. Mambo yaliyoifikisha bendi hii ilipo ni mengine, na nayaandika kwa ajili yao.

1. Ridhimu kwanza

Ukiitaja AC/DC, watu humkumbuka Angus Young na kaptula yake ya shule. Lakini aliyeshika usukani wa bendi ile, tangu ilipoanzishwa Sydney mwaka 1973, alikuwa kaka yake Malcolm, mpiga ridhimu, ambaye alisimama nyuma karibu na dramu. Nilipozisikiliza kazi zake kwa makini, nilibadili namna ya kuendesha mazoezi. Wimbo mpya tunaupiga kwanza bila solo kabisa: dramu, besi na ridhimu, mpaka ukae. Mimi natafuta kiti, nasikiliza. Wimbo usipochezeka hapo, solo haliwezi kuuokoa. Na sisi wa huku hatuna haja ya kwenda mbali kulijua hili, kwani dansi letu zuri lote limejengwa kwa magitaa yanayojibizana, kila moja na njia yake.

2. Waachie wengine uwanja

Agosti 1969 Carlos Santana alipanda jukwaa la Woodstock, huko Marekani, na bendi ambayo albamu yake ya kwanza ilikuwa bado haijatoka. Wengi katika umati ule hawakuwajua. Kibao kilichowatambulisha, “Soul Sacrifice”, hakina mwimbaji, na katikati yake kiongozi ananyamaza, anamwachia nafasi Michael Shrieve, mpiga dramu wa miaka 20. Filamu ya tamasha lile ipo, itazameni. Tazameni pia wapiga tumba, na jinsi gitaa linavyorudi baada ya dramu: haliombi nafasi, linaikuta tayari.

Tangu hapo nimeamini kwamba kazi ya kiongozi anayepiga solo ni kujua wakati wa kutopiga. Katika bendi yetu mpiga tumba ana sehemu yake kila onyesho, na mwimbaji wa pili ana nyimbo zake ambazo mimi nashika ridhimu tu. Mara nyingi ni hapo ndipo watu huacha meza zao wakasogea jukwaani. Bendi inayojulikana kwa mtu mmoja, siku akiugua malaria hakuna onyesho.

3. Malipo yaeleweke kabla ya kupiga

Chuck Berry alisifika kwa kudai fedha zake taslimu kabla hajapanda jukwaani. Wengi walimwona mkali. Mimi namwelewa, maana hoteli moja ya ufukweni iliwahi kutupigisha mkesha wa mwaka mpya, kisha mhasibu akatuzungusha wiki baada ya wiki huku wanamuziki wangu wakidaiwa kodi za nyumba. Utaratibu wetu sasa ni nusu ya malipo siku ya makubaliano, na nusu iliyobaki kabla ya kuwasha amplifaya.

Fedha zikishapatikana, hesabu tunaisoma mbele ya wote: usafiri, kukodi vyombo, fundi mitambo, kisha mgawo wa kila mmoja. Ugomvi mwingi wa bendi nilioushuhudia ulianzia kwenye hesabu iliyosomwa na mtu mmoja chumbani.

4. Watu wataondoka, nawe ubaki

Gregg Rolie na Neal Schon walitoka kwa Santana wakaunda Journey mwaka 1973. Mwaka huohuo Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano. Mwanamuziki mzuri hutaka siku moja kusimama mwenyewe, na hiyo ni haki yake. Anayetuaga tunampigia makofi jukwaani. Mazoezi yote tunayarekodi kwa simu, ili atakayekuja ajifunze sehemu yake bila kubahatisha. Santana hakuacha kuunda bendi upya, na albamu yake Supernatural ilitoka mwaka 1999, yeye akiwa na miaka 51. Ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Naikumbuka kila mtu anaponiambia kwamba umri wangu ni wa kupumzika.

5. Yalinde masikio

Pete Townshend wa The Who amezungumza wazi kuhusu masikio yake yaliyoharibika. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3, muda salama hupungua nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15 tu, na jukwaa la roki hufika hapo bila shida. Nunueni vizibo vya masikio. Spika ya gitaa isielekezwe magotini mwa mpigaji, maana hapo hajisikii vizuri na kila saa ataongeza sauti. Iinueni, imtazame usoni, naye atapunguza mwenyewe.

6. Nyuzi

Jasho na hewa ya chumvi ya pwani huzila upesi. Futa nyuzi kila umalizapo kupiga, badilisha kabla ya onyesho kubwa ili zipate muda wa kutulia, na gitaa la akiba liwe limeshatuniwa kando yako.

Wewe unayetaka kuanzisha bendi, fedha ulizotenga kwa gitaa la kifahari zipunguze. Tafuta kwanza mpiga besi na mpiga dramu mnaoelewana, pangeni siku za mazoezi, muanze na nyimbo tatu mnazozipenda kweli. Gitaa zuri utalinunua baadaye, kwa fedha mtakazozipata pamoja.