SOMO: LORI KUUKUU NA UHAI WA FUNDI



Somo letu la leo ni malori ya zamani. Huko Uingereza wako watu ambao hununua malori yaliyotupwa na kuyafufua kwa mikono yao. Hawafanyi biashara, wanapenda tu. Mwaka 1958 waliunda chama chao cha magari ya kale ya mizigo na abiria, na mwaka 1962 wakaanzisha msafara wa magari hayo kwenda Brighton, mji wa pwani ya kusini.

Ndugu mmoja aliniuliza tawini: hayo yanatuhusu nini sisi wa mashamba na viwanda? Yanatuhusu sana. Lori ambalo kwao ni la Jumapili, kwetu mara nyingi ndilo la kazi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Chuma ni kile kile na hatari ni ile ile. Tofauti ni moja. Mwenzetu yule akiona lori lake si salama, huliacha limesimama mpaka litengemae. Hana nyapara wa kumfokea.

Kwanza tujue kwa nini wanayatunza. Katika mji wa Leyland kiwanda cha magari kilianza mwaka 1896, na malori ya jina hilo yalifika mpaka kwetu. Kiwanda cha Scammell pale Watford kilifungwa mwaka 1988. Malori ya Foden yalikoma kuundwa mwaka 2006. Kiwanda kikifungwa, spea huadimika, na ujuzi wa waliounda magari hutawanyika pamoja nao. Mwaka 1983 ilifunguliwa Leyland nyumba ya makumbusho ya magari hayo. Anayefufua lori anahifadhi kazi ya mikono ya wafanyakazi.

Pili, tutazame utaratibu wao. Fundi mwangalifu haanzi na rangi. Humwaga oili na dizeli ya zamani. Huizungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha, ajue kama imekwama. Hufungua breki zote, hukagua usukani na fremu, na kila alichofanya hukiandika daftarini. Rangi huja mwisho. Kwetu rangi huja kwanza, hasa wiki ile mgeni mkubwa anapotarajiwa!

Sasa tufike penye kiini cha somo. Lori kuukuu lina hatari tatu ambazo kila fundi na kila utingo lazima azijue.

1. Rimu za ringi. Hizi ni rimu za vipande, zinazobanwa na ringi ya chuma. Nilipokuwa utingo katika shamba moja la miwa hapa Uganda, kijana mwenzetu aliambiwa ajaze upepo tairi lililokuwa limetembea nusu tupu. Ringi ikafyatuka, ikamvunja taya na mkono. Msimamizi akaandika: "Uzembe wa mfanyakazi." Kijana yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyemfundisha, wala hapakuwa na kizimba cha chuma cha kuwekea gurudumu.

Kanuni ya Marekani ya mwaka 1980 inataka mfanyakazi afundishwe kwanza, na kizimba kiwepo. Tairi lililotembezwa likiwa na upepo wa asilimia 80 au pungufu ya kiasi chake, litolewe upepo wote kwa kung'oa kile kisindano cha ndani ya valvu, kabla gurudumu halijafunguliwa kwenye ekseli. Usichanganye ringi na rimu zisizo za aina moja. Usichomelee rimu ikiwa na tairi. Unapojaza upepo, tumia mpira mrefu, usimame pembeni, kamwe usiinamie gurudumu.

2. Vumbi la breki. Laini za breki za malori ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta makovu na saratani, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20, mtu akiwa ameshaacha kazi na tajiri ameshamsahau. Uingereza ilipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999, lakini laini za zamani bado zimo ndani ya breki za zamani. Basi usipulize breki kwa upepo wa kompresa, wala usizifagie kavu. Lowesha kwanza, pangusa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa hicho ukifunge ndani ya mfuko. Nguo za kazi zisiende nyumbani kwa mama watoto kufuliwa.

3. Uzito ulio juu ya kichwa. Jeki ni ya kuinua tu, si ya kushikilia. Zuia magurudumu, weka stendi imara, ndipo uingie chini. Bodi ya tipa ikiinuliwa, iwekewe nguzo yake ya chuma kwanza. Usiamini mafuta ya haidroliki, kwa kuwa mpira ukipasuka bodi haikusubiri utoke.

Ndugu zangu, hayo yote hufanywa na mtu anayejifurahisha siku ya mapumziko, kwa fedha ya mfukoni mwake. Basi mwajiri anayepata faida kwa lori hilo hawezi kusema kizimba ni ghali. Tusiombe kizimba, stendi na mafunzo kama zawadi. Tuvidai mezani, viandikwe katika mkataba, pamoja na haki ya fundi kusema, "Lori hili leo halitoki," bila kufukuzwa.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Karakana yetu ina kizimba cha kujazia upepo? Kama hakina, nani ameshaulizwa, na lini?
2. Nani hufungua breki hapa kwetu, na vumbi lake huenda wapi?
3. Ajali ya mwisho iliandikwa "uzembe" wa nani? Tulikubali?

Mshikamano daima.