Unga Haukujaa, Lakini Haukuisha

Andiko la somo: 1 Wafalme 17:7–16
Soma pia: Kutoka 16:11–21, Mathayo 6:25–34, Mithali 30:7–9

Jumapili iliyopita saa zilituishia nikiwa bado katikati ya somo, na wengine wenu mkaniuliza kama naweza kuliandika lote. Nimeliandika. Ila nakuomba kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome 1 Wafalme 17 yote. Haya maandishi yangu hayatakushibisha. Neno lenyewe ndilo chakula.

Somo hili si la watu walio na akaunti zilizonona. Ni la yule anayenunua mafuta ya kupima, anayehesabu sarafu kabla ya kumwita mama mboga, anayesikia hatua za mwenye nyumba koridoni na kuzima redio. Nalijua somo hili kwa sababu nimelisomea huko huko.

1. Kijito kikikauka, Mungu hajakauka

Eliya alimwambia Mfalme Ahabu kwamba mvua haitanyesha. Baada ya hapo Mungu akamtuma ajifiche kando ya kijito cha Kerithi, mashariki ya Yordani. Kunguru walimletea mkate na nyama asubuhi na jioni, na maji akayanywa kijitoni. Halafu mstari wa 7 unatuambia kijito kilikauka.

Tulia hapo kidogo. Kijito hakikukauka kwa sababu Eliya alikuwa ametenda dhambi. Kilikauka kwa sababu neno alilolisema yeye mwenyewe lilikuwa limetimia! Nchi haikuwa na mvua, na mtumishi wa Mungu aliishi katika nchi hiyo hiyo. Kwa hivyo mtu akipoteza kazi, tusikimbilie kumuuliza amemkosea Mungu wapi. Ukame hupiga hata shamba la mwenye haki.

Angalia pia mpangilio wa mistari. Kijito kinakauka katika mstari wa 7. Neno la kumwambia aende wapi linakuja katika mstari wa 8. Eliya aliketi pale akitazama maji yakipungua siku baada ya siku, na hakuwa ameambiwa hatua inayofuata. Wengi wetu tunaishi katikati ya mstari wa 7 na wa 8. Hapo ndipo imani inapimwa.

Kijito changu kilikauka Machi 2020. Nilikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi, tukiishi Nakuru na mke wangu na watoto wawili katika nyumba ya chumba kimoja. Serikali ilipofunga shule kwa sababu ya korona, wazazi waliacha kulipa karo, na shule ikaacha kutulipa mishahara. Mwanzoni tuliambiwa ni wiki chache tu. Kumbe madarasa mengi yangekaa bila watoto hadi Januari 2021.

Nilikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa nimehubiri Mathayo 6 mara nyingi, ile ya ndege wa angani na maua ya kondeni. Lakini kijito kilipokauka, mimi sikungoja mstari wa 8. Nilichukua simu yangu nikakopa.

2. Mungu alikuwa ameshaagiza

Mungu alimtuma Eliya Sarepta, mji wa pwani kati ya Tiro na Sidoni, katika nchi ambayo leo ni Lebanoni. Hiyo ndiyo nchi aliyotoka Yezebeli, na Baali aliabudiwa huko kama mungu wa mvua. Yaani Mungu anamlisha mtumishi wake nyumbani kwa Baali, wakati Baali mwenyewe hawezi kuwaletea watu wake hata tone. Haleluya!

Lakini tazama alitumwa kwa nani. Hakutumwa kwa mfanyabiashara. Alitumwa kwa mjane mwenye konzi moja ya unga na mafuta kidogo ndani ya chupa. Mungu anasema katika mstari wa 9 kwamba amemwagiza huyo mjane amlishe Eliya. Ila ukimsikiliza mama mwenyewe katika mstari wa 12, anaongea habari za kuokota kuni, kupika chakula cha mwisho na kungoja kifo na mwanawe. Agizo lilikuwa limetoka mbinguni, na mwenye kuagizwa alikuwa bado anaona pipa tupu.

Sasa ndio uone saa ya Mungu. Eliya alifika langoni mama akiwa anaokota kuni. Angekawia siku moja, kile chakula cha mwisho kingekuwa kimeliwa. Watu wawili wenye njaa walikutana mlangoni pa mji, na kwa kukutana kwao wote wawili wakapona. Na Eliya, nabii mzima, alilazimika kufungua kinywa na kuomba. Maji kwanza, halafu mkate.

Hapo ndipo mimi nilishindwa. Kuomba.

Nilikopa elfu tatu kwa simu nikanunua chakula. Siku ya kulipa ilipofika sikuwa na kitu, nikakopa kwingine ili nilipe pale. Halafu kwingine tena. Mke wangu hakujua. Alipouliza pesa zimetoka wapi, nilimwambia Bwana ametenda. Wapendwa, nililitaja jina la Bwana juu ya deni. Jumapili tulikuwa tukiabudu nyumbani, nami nikawafundisha watoto habari za mana, huku simu ikitetemeka mfukoni.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Jioni moja mwezi wa Mei, wale wenye mkopo walianza kuwapigia watu walio kwenye simu yangu. Wa kwanza kupigiwa alikuwa mama mkwe. Yeye akampigia binti yake. Mke wangu aliingia ndani, akakaa kitandani, akaniangalia muda mrefu. Nilitarajia kelele. Akasema tu, "Baba Joy, kwa nini hukuniambia? Si tungelala njaa pamoja?"

Usiku huo tulipiga magoti. Mimi sikuomba pesa. Nilitubu. Nilimwambia Mungu kwamba nimemwogopa mwanadamu kuliko nilivyomwamini yeye.

Asubuhi, unga uliobaki haukufika kikombe kimoja. Mke wangu aliukorogea watoto uji. Kama saa nne hivi, mama mmoja wa kanisani akabisha hodi. Ni mjane anayeuza mboga. Alikuwa amebeba pakiti ya unga, nusu kabichi na mafuta ndani ya chupa ndogo. Akatuambia, "Mwalimu, tangu Jumatatu moyo wangu unaniambia nije hapa, na mimi nakataa. Nikasema, hawa ni watu wa mshahara, watanicheka na kabichi yangu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sikuweza kusema kitu. Mungu alikuwa ameagiza tangu Jumatatu. Kilichouzuia mlango ni sura niliyokuwa nikiivaa. Nilijifanya nimeshiba hadi aliyetumwa kunilisha akaona aibu kuja. Ndugu yangu, wakati mwingine chakula hakijachelewa mbinguni. Kimechelewa kwa sababu hakuna anayejua kwamba una njaa.

3. Unga haukujaa

Mstari wa 16 unatuambia unga haukuisha na mafuta hayakupungua, kama Bwana alivyosema. Mahubiri mengi huishia hapo kwa shangwe. Lakini soma pole pole. Biblia haisemi pipa lilijaa. Haisemi mama alifungua duka la unga Sarepta. Inasema haukuisha. Kila asubuhi yule mama aliinama ndani ya pipa akiona sakafu yake, akachota, na kesho yake akakuta kuna cha kuchota. Hiyo ni miujiza mingi, ya asubuhi moja moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mana. Katika Kutoka 16 kila mtu aliokota kiasi cha kumtosha siku hiyo. Waliojaribu kuweka hadi asubuhi walikuta imeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita peke yake ndiyo waliokota maradufu, kwa ajili ya Sabato. Mungu angeweza kuwashushia ya mwezi mzima. Hakufanya hivyo, kwa sababu alitaka kila asubuhi watoke nje ya hema wakimtazamia yeye. Na Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi kuomba, aliwaelekeza kuomba riziki ya siku yao. Hakuwaambia waombe ya mwaka.

Sisi tunapenda haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, na kuweka akiba ni hekima. Hata chungu anasifiwa katika Mithali 6. Lakini kuna majira ambayo kibaba hakijai, na bado Mungu ni mwaminifu.

Yule mama mboga alinichukua niende naye sokoni alfajiri. Nikawa nabeba magunia ya viazi. Mwanzoni wanafunzi wangu wakinipita nilikuwa nageuza uso. Baadaye nikazoea, nikawa nawauliza kama wanasoma nyumbani. Siku nzuri nilipata shilingi mia tatu. Siku mbaya, mia moja. Kwa miezi saba hatukuwahi kuwa na chakula cha kesho ndani ya nyumba. Nitasema ukweli wote: kuna usiku mbili tulilala na chai ya rangi. Lakini sisi wanne tulivuka, na hakuna mtoto wangu aliyelazwa kwa njaa. Shule ilipofunguliwa nilirudi darasani, na deni la mwisho nililimaliza Februari 2021. Halikufutwa kwa muujiza. Nililipa pole pole, shilingi kwa shilingi.

4. Tusilitumie andiko hili vibaya

Eliya alimwambia mjane amtengenezee yeye mkate kwanza. Mstari huo umetumika kuwanyang'anya wajane hata nauli ya kurudi nyumbani. Lakini angalia: ahadi ya Mungu ilitolewa hapo hapo, kabla mama hajapika. Na Eliya hakuchukua mkate akaenda zake. Alikaa katika nyumba ile, akala kutoka pipa lile lile, siku nyingi. Mtumishi anayekuomba konzi yako ya mwisho na hayuko tayari kula nawe siku ya njaa, huyo hafanani na Eliya.

Pili, kumngoja Mungu si kukaa kitandani. Mjane alikuwa akiokota kuni, na Waisraeli walitoka kuokota mana. Mana haikuingia midomoni mwao wakiwa wamelala.

Tatu, soma mstari wa 17. Baada ya muujiza wa unga, mtoto wa yule mama aliugua hadi hakuna pumzi iliyobaki ndani yake. Pipa lenye unga halikuzuia machozi. Lakini machozi yalipokuja, mtu wa Mungu alikuwa tayari ndani ya nyumba, na Mungu akamrudisha mtoto. Anayekupa unga leo atakuwepo pia siku ya jambo zito kuliko unga.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, kama una deni la siri, mwambie mwenzako wa ndoa kabla ya Jumapili. Kama hujaoa au hujaolewa, mwambie mtu mmoja mcha Mungu unayemwamini. Najua ni ngumu. Mimi nilingoja hadi simu ilipoongea kwa niaba yangu.

Pili, kama kuna mtu ambaye moyo wako umekuwa ukikutajia jina lake, usiseme atakucheka. Chukua nusu kabichi yako uende. Huenda wewe ndiwe uliyeagizwa, na leo tayari ni Alhamisi.

Tatu, kila jioni kabla ya kulala, andika kitu kimoja ambacho Mungu amekupa siku hiyo, hata kama ni kikombe cha uji. Tutashuhudia katika ibada ya katikati ya wiki.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Kwa nini unafikiri Mungu alimtuma Eliya kwa mjane maskini, na si kwa tajiri wa Sarepta?
2. Ni nini kinachotufanya sisi waumini tuone aibu kusema "sina"?
3. Aguri katika Mithali 30:8–9 aliomba asipewe umaskini wala utajiri. Je, unaweza kuomba hivyo kwa moyo wako wote?
4. Ni nani katika kikundi chetu ambaye kijito chake kimekauka, na tutafanya nini kabla hatujaachana leo?

Tuombe

Baba, unajua kilichomo ndani ya pipa langu leo. Nisamehe kwa siku nilizojifanya nimeshiba. Nipe ya kunitosha leo, na unipe macho ya kumwona jirani ambaye umenituma kwake. Na kijito kikikauka, nifundishe kukaa hapo hadi nisikie sauti yako. Katika jina la Yesu, amina.